Pampu iliponigomea

Nina pumu tangu nikiwa darasa la tatu, huko Mafinga, kwenye baridi ya kung'ata na misonobari ya Sao Hill. Dar es Salaam nilikuja nikiwa kijana, nikajifunza useremala Keko, na hadi leo ndiko iliko ofisi yangu. Mafundi wa Keko hatusemi karakana. Tunasema ofisi, hata kama ni mabati machache na benchi mbili. Kwa miaka mingi pumu yangu ilikuwa ya kuishi nayo. Pampu ya kahawia, ile ya kinga, navuta asubuhi na jioni. Pampu ya bluu, salbutamol, inakaa mfukoni kwa dharura, na dharura zenyewe zilikuwa adimu kiasi kwamba mke wangu alinitania: hiyo dawa itapitwa na muda kabla hujaimaliza.

Halafu mambo yakageuka, tena polepole, na huo upolepole ndio unaomponza mgonjwa wa pumu. Kifua hakibani siku moja ukasema leo kuna jambo. Kwanza unaanza kupumzika katikati ya ngazi. Kisha unawaachia vijana kazi ya kushusha mbao kwenye gari. Kisha unaongeza mto wa pili kitandani, unakuja wa tatu, na usiku mmoja unajikuta umelala umeketi. Mimi nilikuwa na miaka arobaini na kitu, nikawa najiambia uzee huo umeanza kubisha hodi.

Pampu ya bluu ikawa haitoki mkononi. Kopo la mikupuo 200 lililokuwa likinikalia mwaka mzima likawa halimalizi mwezi. Kijana wa duka la dawa mtaani kwetu, ambaye alishanizoea hata haulizi nataka nini, akaniambia, "Mzee, mwili umeshaizoea hiyo. Hamia kwenye kali zaidi." Mama mkwe naye alikuja na lake: "Hayo mapampu ndiyo yanayokumaliza, baba. Mtu akishaanza kuvuta hatoki." Jirani akaleta habasoda na asali. Niliitumia kwa heshima yake, na asali ile ilikuwa nzuri kweli.

Kauli hizi mbili nimezisikia tangu utotoni, moja inasema mwili huzoea dawa, nyingine inasema pampu ndiyo hatua ya mwisho ya mgonjwa. Zinaonekana zinapingana, lakini zinamfikisha mtu mahali pamoja: anaacha kuuliza ni nini kimebadilika.

Salbutamol ikizidi ina tabia yake. Moyo unakwenda mbio na mikono inatetemeka. Kwa mtu wa kawaida kutetemeka mikono ni kero, kwa seremala ni njaa. Nilikuwa napima milimita mbili, patasi inaniangukia kwenye nne. Nikaenda kituo kimoja cha afya, sitakitaja, nikaeleza moyo na mikono. Nilipimwa presha, nikasikilizwa mapigo, nikaandikiwa vidonge vya propranolol na kuambiwa vitatuliza vyote viwili. Hakuna aliyeniuliza kama nina ugonjwa mwingine wala natumia dawa gani. Na vilituliza kweli. Mikono ilitulia ndani ya siku chache, nikamsifia daktari kwa kila aliyepita ofisini.

Kilichofuata ndicho kilichonifanya niandike haya. Kifua kilibana usiku, nikavuta pampu ya bluu, hakuna kilichotokea. Nikavuta tena. Nikatikisa, nikavuta tena. Kawaida dakika chache zinatosha kusikia njia inafunguka, lakini safari hii ilikuwa kana kwamba napuliza hewa tupu. Mke wangu aliwasha taa akaniuliza jambo, nikashindwa kumaliza hata sentensi ya maneno matatu. Alinivalisha shati mwenyewe. Bajaji ya jirani ndiyo iliyotupeleka hospitali, mimi nimeinamia mbele, viganja juu ya magoti, nikiamini kabisa kwamba sitafika.

Kuna hofu nyingi duniani, ila hofu ya kukosa pumzi haina mjadala. Akili yote inakuwa kitu kimoja tu, kutafuta hewa. Nasema hivi kwa sababu watu huwaambia wenye pumu "tulia, usiogope" kana kwamba hofu ndiyo iliyoleta ugonjwa. Hofu inaongeza, ni kweli. Unapumua haraka na juu juu, hewa ya zamani haitoki, na mpya inakosa nafasi. Lakini anayekosa hewa hatulizwi kwa neno "tulia". Mke wangu aligundua usiku ule ule, bila kufundishwa na mtu, kinachonisaidia: alinishika mgongoni akawa anapumua yeye kwa sauti, polepole, akitoa pumzi kwa midomo iliyobanwa. Nikamfuata. Haikuniponya, ila ilinifikisha mapokezi nikiwa na akili zangu.

Nikawekewa oksijeni, nikawekwa kwenye mashine ya mvuke yenye salbutamol iliyochanganywa na ipratropiamu, nikachomwa haidrokotizoni. Kulipokaribia kupambazuka nikaanza kuwa mtu. Daktari mmoja kijana, wa mafunzo ya vitendo, akamwambia mke wangu, "Mama, nenda nyumbani kaniletee dawa zote anazotumia. Zote, hata za maumivu, hata za macho." Mke wangu akarudi na mfuko. Yule kijana alitoa kimoja kimoja akavipanga juu ya shuka, na alipofika kwenye propranolol akanyamaza kidogo, kisha akauliza nani alinipa.

Maelezo yake niliyaelewa kwa sababu nimefunga vitasa vingi. Kwenye misuli ya njia za hewa kuna vipokezi ambavyo salbutamol inaingia ndani yake ili misuli ilegee. Propranolol inavikalia vipokezi hivyo hivyo. Ni kitasa ambacho mtu ameingiza ufunguo usio wake akauvunjia humo: ufunguo halali uko mkononi, ni mzima, ila hauna pa kuingia. Dawa yangu haikuwa imechoka wala mwili wangu haukuwa umeizoea. Ilikuwa imezibiwa mlango. Propranolol ni dawa nzuri kwa wenye kuihitaji, na James Black aliyeigundua alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1988, lakini kwa mwenye pumu haitakiwi. Zipo nyingine za ukoo huo, kama atenolol, ambazo madaktari huzitumia kwa tahadhari tu, na yako hata matone ya presha ya macho, timolol, ambayo tone moja jichoni linaweza kufika kifuani.

Mduara wenyewe ndio uliostahili kuchekwa kama usingekaribia kuniua. Kifua kibaya kilinifanya nivute bluu nyingi, bluu nyingi ikaleta moyo wa mbio, moyo wa mbio ukaleta kidonge, na kidonge kikaiua bluu. Kila mtu alitibu alichokiona mbele yake.

Vidonge nilivyoachishwa niliachishwa na daktari. Hizi si dawa za kujikatia mwenyewe ghafla, hasa mtu akiwa na ugonjwa wa moyo. Tangu siku ile nina karatasi kwenye pochi, nyuma ya kitambulisho: "NINA PUMU. Dawa ninazotumia ni hizi." Nikienda hata kung'oa jino naitoa kabla ya kuulizwa. Dawa za maumivu nazo niliuliza. Aspirini, diklofenaki na ndugu zake huwaletea shambulio baadhi ya wenye pumu, siyo wote. Mimi sikuwa na historia hiyo, ila sisi mafundi migongo inatuuma na diklofenaki inauzwa kila kona, kwa hiyo jibu nililitaka mapema. Nimebaki kwenye parasetamoli.

Propranolol ilipotoka mwilini, pampu ya bluu ilianza kufanya kazi tena. Mtu angetarajia habari iishie hapo. Lakini kumbuka, kabla ya kidonge kile kifua kilikuwa kimeshaharibika, na ndicho kilichonifikisha kwenye kidonge. Usiku bado nilikuwa naamka. Nikapewa prednisoloni, vidonge vya steroidi, ya siku chache, nikapona kabisa, nikala hadi mke wangu akashangaa, nikakosa usingizi kwa uchangamfu. Wiki chache baadaye nikarudi kule kule. Nikapewa tena. Prednisoloni inatamanisha, ni rahisi na inafanya kazi, lakini ukiifanya chakula inadai malipo kwenye mifupa, kwenye sukari, kwenye macho.

Kwenye kliniki ya kifua ya hospitali ya rufaa nilikutana na daktari mama mtu mzima, mwenye sauti ya mwalimu mkuu. Nilikwenda nimejiandaa kuomba dawa kali zaidi. Akaniuliza maswali manne kuhusu wiki nne zilizopita. Je, dalili za mchana zinakuja zaidi ya mara mbili kwa wiki? Umewahi kuamshwa usiku na kifua? Unatumia pampu ya bluu zaidi ya mara mbili kwa wiki? Kuna kazi au shughuli umeiacha kwa sababu ya kifua? Nikajibu ndiyo, ndiyo, ndiyo, ndiyo. Akasema, "Haya, fundi. Vuta pampu yako nikuone."

Nikavuta kama nilivyovuta miaka yote. Akaniangalia bila kusema neno, akanipa kioo cha mkononi, akasema nirudie huku najitazama. Nikaona kamvuke kanatokea puani na pembeni ya mdomo. Sehemu kubwa ya dawa ilikuwa inaishia kwenye ulimi na koo, na pumzi yangu ilikuwa ya haraka mno. Akanifundisha upya: tikisa, toa hewa yote kwanza, bana midomo, anza kuvuta taratibu ndipo ubonyeze, endelea kuvuta hadi mwisho, zuia pumzi hadi kumi, ndipo utoe. Ukimaliza ile ya kinga, sukutua mdomo uteme, la sivyo utapata fangasi wa kinywa. Katika miaka yangu yote ya pumu, huyu alikuwa mtu wa kwanza kunitazama nikivuta.

Akaniambia nitafute spesa, kile chombo cha plastiki kinachokaa kati ya pampu na mdomo ili dawa itulie kabla ya kuvutwa. Bei ilinishtua. Akacheka: "Wewe si fundi? Tengeneza." Nilidhani ananifariji. Kumbe madaktari wa Cape Town walilipima jambo hili kwa watoto waliokuwa na shambulio, wakachapisha matokeo mwaka 1999: chupa ya plastiki ya nusu lita ilifanya kazi sawa na spesa ya dukani. Hii ndiyo sehemu ya matibabu niliyoifurahia kuliko zote. Unachukua chupa ya maji, unakunja waya uwe na umbo la mdomo wa pampu, unaupasha moto, unatoboa kitako cha chupa, na kabla plastiki haijapoa unasukuma pampu ndani ili ishike umbo lake. Pembeni unaziba kwa gundi. Mdomo wa chupa ndio unaouweka kinywani. Unaiosha kwa sabuni ya vyombo na kuiacha ikauke yenyewe bila kuifuta kwa kitambaa, maana ukifuta plastiki inajaa umeme tuli na dawa inanasa kwenye kuta. Ya kwanza ilikuwa mbaya, ya pili nimewaonyesha wateja.

Jambo jingine dogo: makopo mengi ya bei nafuu hayana kihesabio. Dawa ikiisha, kopo linaendelea kupuliza gesi, nawe unaendelea kuvuta ukiwa na imani. Watu huliweka kwenye maji waone kama linaelea, na kipimo hicho hakiaminiki. Mimi hufanya hesabu. Mikupuo 200, minne kwa siku, ni siku 50. Siku ya kufungua naandika tarehe ya mwisho kwenye utepe wa karatasi nabandika juu yake, kwa penseli ile ile ya kuchorea mbao.

Usiku ukapungua makali, haukuisha. Daktari hakubadilisha dawa hata hapo. Alinipa kipimo cha pumzi, kimrija chenye mshale ambacho wao wanakiita pikiflo. Unavuta hewa kwa nguvu, unapuliza kwa pigo moja, mshale unaonyesha lita kwa dakika. Akataka nipime mara kadhaa kila siku, kuanzia asubuhi hadi usiku, niandike kwenye daftari, na pembeni niandike siku hiyo nilifanya kazi gani. Niliona ni usumbufu. Vijana wangu ofisini waliona ni mchezo, kila mmoja akataka kupuliza ashindane.

Katikati ya daftari hilo ukatokea msiba wa baba mdogo, Mafinga. Ilikuwa Julai. Mke wangu alitaka nisiende: baridi, vumbi la safari, moshi wa kuni, kulala chini na watu wengi chumbani. Vyote hivyo ni vya kuchokoza pumu, na hakuwa na kosa. Nikaenda nimebeba pampu, chupa yangu, na sweta mbili. Siku ya pili kule nililala usiku mzima. Nikadhani ni uchovu. Siku ya nne nilipanda kilima cha makaburini nikiwa nazungumza. Tulipoanua matanga mshale ulikuwa unapita 450 asubuhi na jioni, wakati Keko usiku mbaya ulikuwa hauvuki 300. Mtu mwenye pumu anatoka joto la Dar anakwenda kwenye jokofu lenye moshi wa kuni, na kifua kinafunguka! Hapo ndipo niliacha kuwaza habari ya dawa, nikaanza kuwaza habari ya ofisi.

Nilianza kumshuku mshukiwa asiye sahihi, vumbi. Vumbi la mbao siyo la kudharau. Mvule na mbao nyingine ngumu zinajulikana kuleta pumu kwa maseremala. Lakini niliporudi, siku mbili za kuranda mninga zilinipa chafya tu, na mshale haukusogea. Siku ya tatu tukapiga spreyi milango ya kabati la jikoni, ile rangi ya kung'aa inayopendwa sasa, ya kuchanganya na hadena, kile kimiminika cha kuifanya igande iwe ngumu. Tulimaliza kama saa kumi jioni, nikaenda nyumbani mzima, nikala vizuri. Saa nane usiku nikaamka nimebanwa.

Nikalirudia daftari tangu mwanzo kwa kidole. Kila usiku wa hovyo ulikuwa na neno "hadena" mchana wake. Na nilipokumbuka, kazi za makabati ya kung'aa tulizianza muda mfupi kabla mito haijaanza kuongezeka kitandani.

Daktari aliomba picha ya kopo. Akaikuza kwenye simu hadi akapata alichokitafuta: isosayanati. Ni kemikali iliyomo kwenye hadena za rangi za poliyurethani, na ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya pumu ya kazini duniani. Ujanja wake ni huu: inaweza kukukuta saa nne hadi kumi na mbili baada ya kuivuta. Ukiwa umeshaoga, umekula, umelala. Basi unalaumu shuka, unalaumu kiyoyozi, unalaumu paka wa jirani. Onyo liko kwenye kopo, kwa maandishi ya sisimizi na kwa lugha ambazo vijana wangu hawazisomi. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke huo hata kidogo. Na mwili ukishaichukia, hauna kiwango cha kuuambia hiki ni kidogo vumilia. Dawa yake ni kuachana nayo.

Kuachana nayo ni rahisi kuandika. Makabati ya jikoni ndiyo yaliyokuwa yanalipa ada za shule. Mteja wa Mbezi haji Keko kutafuta kabati la vanishi ya kawaida. Mwajiriwa wa kiwanda angalau ana mwajiri anayemchangia kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Fundi wa mabati machache mwajiri wake ni yeye mwenyewe. Tulikaa na mke wangu tukapiga hesabu, hazikutoka vizuri, tukapiga tena. Mwisho nikapatana na fundi mmoja wa Kigamboni mwenye chumba kilichofungwa cha kupigia spreyi na kofia yenye mpira unaomletea hewa kutoka nje. Milango inakwenda kwake kwa kirikuu, inakaa siku kadhaa hadi ikauke kabisa, inarudi kufungwa. Faida imepungua. Kuna mteja aliyekasirishwa na ucheleweshaji akaondoka na malipo yake ya awali.

Tatizo lililobaki ni majirani. Ofisi za Keko hazina kuta za kuzuia hewa, na mwenzangu wa mabati ya tatu anatumia hadena hiyo hiyo. Nilimfuata, nikamweleza, akanijibu kwa mzaha kwamba mimi nimekuwa mtoto wa mjini. Siku moja alinikuta nimeshika nguzo navuta pampu, mzaha ukaisha. Sasa hunipigia simu kabla hajawasha kompresa, nami naondoka kwenda kuchagua mbao au kumpimia mteja. Na kwangu nimekataza kupuliza maranda kwa upepo wa kompresa. Tunamwagia maji ndipo tunafagia.

Dawa ilibadilishwa mwishoni, vyote hivi vikiwa vimeshafanyika. Nimewekwa kwenye pampu moja yenye budesonaidi ya kinga na fomoterol ya kufungua njia. Navuta kila siku, na kifua kikibana navuta hiyo hiyo badala ya bluu. Bluu imebaki kwa shambulio kubwa tu. GINA, chombo kinachotoa miongozo ya pumu inayofuatwa na nchi nyingi, mwaka 2019 kiliacha kupendekeza watu wazima na vijana watibiwe kwa salbutamol peke yake, kwa kuwa inafungua njia bila kutuliza uvimbe uliomo ndani. Na ile habari ya mwili kuzoea ina chembe ya ukweli upande huo: bluu ikivutwa kila siku nguvu yake hupungua, na njia za hewa huwa nyepesi zaidi kuchokozeka. Dawa ya kinga haina tabia hiyo. Anayemaliza makopo matatu au zaidi ya bluu kwa mwaka yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya shambulio, na anayefika kumi na mawili hatari yake ni ya kifo. Mimi nilishapita huko bila mtu yeyote kaunta kuinua jicho. Pampu mpya ni ghali, mara kadhaa ya ile ya bluu, na kuna mwezi nimeichelewesha dukani kwa sababu ya pesa na kifua kikanikumbusha.

Wapo ambao pumu yao haishikiki hata wakivuta vizuri, wakiepuka vichokozi, wakitumia kila kitu. Ni wachache, chini ya mmoja kati ya kumi, na kwa nchi tajiri ziko sindano kama omalizumabi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2003. Daktari alinieleza ili nijue mlango upo, akaongeza kwamba wengi wanaofika kwake wakiutaka mlango huo hawajawahi kuangaliwa wakivuta pampu.

Nyumbani kuna karatasi nyuma ya mlango wa chumba, kwa mwandiko wa mke wangu. Mshale ukiwa juu ya asilimia 80 ya kiwango changu kizuri, maisha yaendelee. Kati ya 50 na 80, kuna mabadiliko ya dawa tuliyokubaliana na daktari, na simu kwake. Chini ya 50, au nikishindwa kumaliza sentensi, au midomo ikibadilika rangi, au pampu ikikosa kusaidia: nikae wima, bluu kwa chupa, mikupuo minne hadi kumi, mmoja mmoja, irudiwe kila dakika 20, na bajaji iwe imeshaitwa. Kifua kilichokuwa kinapiga mluzi kikinyamaza ghafla huku bado nahangaika, hilo limepigiwa mstari mara mbili, kwa sababu siyo nafuu. Binti yetu mkubwa anaijua karatasi hiyo kwa moyo. Namba ya mwenye bajaji iko chini kabisa, na ya mdogo wake.

Mwezi uliopita kijana wangu mmoja, aliyekuwa akinisaidia kupiga spreyi enzi zile na sasa ana kibarua cha jioni kwa yule jirani wa mabati ya tatu, alianza kukohoa usiku. Anasema ni mafua ya mabadiliko ya hewa. Nimempa daftari na kipimo changu cha zamani, nikamwambia aandike na kazi ya siku. Wiki ya kwanza mshale umeshuka mara mbili, na pembeni ya zote mbili ameandika mwenyewe, bila mimi kumwambia chochote: hadena. Jumatatu tunakwenda naye kliniki.